SOMO: Uzoefu wa Kuendesha Pikipiki Hupimwaje?



Katika mashamba ya chai na miwa, na viwandani pia, pikipiki ni chombo cha kazi kama jembe au mashine. Msimamizi huzungukia mashamba kwa pikipiki, tarishi hupelekea barua, fundi wa pampu hubebea vifaa vyake. Lakini anapotafutwa mtu wa kukabidhiwa chombo hicho, mara nyingi huulizwa swali moja tu: "Umeendesha miaka mingapi?" Akijibu "mitano," hupewa ufunguo. Akianguka, huambiwa: "Wewe ni mzoefu, kosa ni lako."

Somo hili linaeleza kwa nini swali hilo halitoshi, na tupime nini badala yake.

MIAKA PEKE YAKE HAITOSHI

Tuchukue mfano wa matarishi wawili. Wa kwanza ana leseni ya miaka 10, lakini huenda posta mara mbili tu kwa wiki, kilomita 4 kwenda na kurudi. Kwa mwaka ni kilomita 416, na kwa miaka 10 ni 4,160. Wa pili ana miaka 2 tu, lakini huendesha kilomita 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Huyo amekwisha kwenda kilomita 24,960, karibu mara 6 ya mwenzake. Ukiuliza miaka, utamchagua wa kwanza.

Mwaka 1981 ilitolewa huko Marekani taarifa ya uchunguzi ulioongozwa na Profesa Harry Hurt. Wachunguzi walifika penyewe kwenye ajali zaidi ya 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles. Walikuta kuwa waendeshaji waliopata ajali walikuwa na uzoefu wa barabarani wa karibu miaka 3. Hata hivyo, zaidi ya nusu yao walikuwa hawajafikisha miezi 5 na pikipiki ile ile iliyopata ajali. Tena asilimia 92 hawakufundishwa na mwalimu. Walijifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki.

MAMBO MATANO YA KUPIMA

1. Kilomita. Amekwenda kilomita ngapi, hasa katika miezi 12 iliyopita? Aliyekaa muda mrefu bila kuendesha aanze polepole.

2. Pikipiki yenyewe. Uzito, breki na klachi hutofautiana. Anayepewa pikipiki ngeni ni mwanafunzi wa pikipiki hiyo, hata kama ni fundi wa nyingine.

3. Njia. Aliyezoea lami kavu hajui bado changarawe, matope ya masika wala giza. Hata upande wa barabara ni jambo la kujifunza: Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto, lakini Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Anayevuka mpaka huo kwa mara ya kwanza ni mgeni siku hiyo.

4. Mzigo. Gunia au abiria nyuma hubadilisha namna pikipiki inavyokata kona na inavyosimama.

5. Mafunzo. Nani alimfundisha, na alimfundisha nini?

KIPIMO CHA UWANJANI

Maneno yakiisha, twende uwanjani. Jambo la kwanza kupimwa ni breki. Uchunguzi ule wa 1981 ulionyesha kuwa wengi wanaposhtuka hukanyaga mno breki ya nyuma mpaka gurudumu likateleza, na ya mbele huitumia kidogo tu. Kumbe pikipiki inapofunga breki uzito huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi.

Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, pikipiki huenda mita 8 kwa sekunde moja. Breki zikiwa nzima na lami kavu, mwendeshaji hodari husimama katika mita 5 hivi tangu anapofunga breki. Kwa kilomita 60 huhitaji mita 20 hivi. Mwendo umekuwa mara 2, nafasi ya kusimama imekuwa mara 4. Na kabla ya hapo, sekunde moja ya kutambua hatari imekwisha kula mita 17.

Chora mstari kwa chokaa mahali pasipo na magari. Mwendeshaji avae kofia ngumu, aje kwa kilomita 30, afunge breki zote mbili kwenye mstari. Pima kwa utepe, mara tatu. Kisha arudie kwenye njia ya shamba, kwanza bila mzigo, halafu na mzigo wa kazi, kwa mwendo mdogo zaidi. Anayehitaji mita 10 kwenye lami kavu afundishwe kwanza, hata leseni yake ikiwa ya miaka 10.

KAZI YA TAWI

Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unataka wafanyakazi wapewe mafunzo ya usalama, na hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Tangu 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi: kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu kanuni zake, hata kama haijauridhia. Kwa hiyo tawi lidai kipimo na mafunzo kabla ya ufunguo kutolewa.

Kila mwendeshaji pia awe na daftari: tarehe, kilomita, njia, mzigo, na mara aliponusurika kuanguka. Daftari hilo ni la kujifunzia, lisitumiwe kumwadhibu. Siku ya ajali ndilo litakaloonyesha kama alitumwa kazi aliyoandaliwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kazini kwetu, nani huamua kuwa mtu ni mzoefu, na kwa kipimo gani?

2. Ni njia gani ya shamba letu iliyo mbaya zaidi wakati wa mvua? Nani amefundishwa kuipita?

3. Mfanyakazi akikataa pikipiki asiyoijua, tawi limsaidieje?