Jino Halingoji Duara Liteme

Mchimbaji wa Nyarugusu au Lwamgasa mkoani Geita mwenye shavu lililovimba ukimuuliza ataenda lini hospitali, jibu mara nyingi ni hili: duara likitema. Yaani siku mawe ya shimo lake la mgodi yatakapotoa dhahabu ndipo jino litakapotengewa fedha. Kahama na Kishapu watu husema baada ya kuuza mpunga, baada ya pamba, baada ya ada za watoto. Na jino lenyewe humuunga mkono anayeahirisha. Lilimkesheza wiki nzima, kisha asubuhi moja likanyamaza, naye akawaambia wenzake kwamba limepona.

Halijapona, limekufa. Ndani ya jino, chini ya zile tabaka ngumu, kuna uwazi wenye nyama laini. Hicho ndicho kiini cha jino: mishipa ya damu na ya fahamu inayoshuka ndani ya mizizi hadi kwenye mfupa wa taya. Tundu likichimbika hadi hapo, bakteria huingia na kiini huvimba. Kidole kikivimba kina mahali pa kutanukia. Kiini hakina, kwa sababu kimefungiwa ndani ya kuta ngumu pande zote, kwa hiyo uvimbe huibana mishipa yake mwenyewe mpaka damu isipite. Mshipa wa fahamu ukifa, maumivu hukoma. Bakteria hawakomi. Hubaki ndani wakila mabaki, kisha hutokea kwenye ncha ya mzizi, na mfupa wa hapo huanza kuliwa.

Kabla ya kuamua kungoja au kutongoja, lisikilize jino. Ukinywa maji baridi likachoma na kuacha ndani ya sekunde chache, kiini bado kizima na kuziba kunaweza kutosha. Hapo ndipo matibabu huwa rahisi na nafuu kuliko wakati mwingine wowote, na ndipo watu wengi hawaendi. Chai ya moto ikikuachia maumivu ya dakika kadhaa, au jino likikuamsha usiku bila kuguswa, kiini kimeharibika kiasi cha kutorudi. Kuliziba juu juu jino la namna hiyo ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Nalo likinyamaza, kisha miezi baadaye likaanza kuuma unapong'ata, likaonekana kana kwamba limerefuka, au kikatokea kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, kukauka na kurudi, maambukizi yameshafika kwenye mfupa. Jino la mbele lililopigwa na kipande cha jiwe linaweza kufuata njia hiyohiyo bila tundu lolote. Hugeuka rangi polepole, likawa la kijivu.

Je, unaweza kungoja? Siku chache, ndiyo. Wiki moja au mbili, ikiwa daktari ameshaliona jino na mmekubaliana tarehe. Jino lililokufa lisilo na uvimbe linaweza kuvumilia hata zaidi kidogo, madhali ahadi ipo. Ahadi isiyo na tarehe, ile ya mavuno au ya duara, ndiyo inayowapotezea watu meno. Kila mwezi unaopita, uozo hula kuta ambazo daktari angezitumia kushikilia kizibo. Aliyekuja mapema hutibiwa mzizi. Anayekuja mwakani huambiwa hakuna tena cha kushikilia, ling'olewe.

Kuna hali moja isiyo na subira hata ya usiku mmoja. Uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni au ukipanda hadi jichoni, mdomo ukagoma kufunguka, ulimi ukainuliwa juu, mate yakashindikana kumezwa, au homa ikaja pamoja na sauti iliyobadilika, huo ni usaha unaosambaa na unaweza kuziba njia ya hewa. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza uvimbe wa chini ya taya wa namna hii mwaka 1836, na hadi leo unaua. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye kulaza wagonjwa, usiku uleule, akiwa ameketi wima. Asianzie duka la dawa.

Hapo dukani ndipo wengi wetu tunapoanzia, na sisemi kwa kulaumu: duka la dawa muhimu lipo karibu na karasha la kusagia mawe, daktari wa meno yuko mbali. Lakini amoksilini na fulajili husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani yake. Dawa hupunguza uvimbe wa nje, mwenye jino hufurahi, chanzo kinabaki palepale na baada ya muda uvimbe hurudi. Daktari huziandika pale maambukizi yanaposambaa, nazo huenda pamoja na kulishughulikia jino lenyewe. Anayemeza fulajili asinywe pombe. Diklofenaki haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, na mjamzito asiimeze bila kumuuliza daktari. Kusaga aspirini na kuibandika kwenye ufizi huuchoma ufizi. Wapo wanaodondosha maji ya betri kwenye tundu. Hiyo ni asidi, na huunguza kila inachogusa. Mafuta ya karafuu kidogo kwenye pamba hutuliza kweli kwa muda, ila hayatibu. Na wale wadudu wa jino wanaotolewa kwa moshi hawakuwahi kuwapo, maana jino hutobolewa na asidi ambayo bakteria huitengeneza wanapokula sukari.

Sasa matibabu yenyewe ya mzizi, ambayo huogopwa kwa hadithi kuliko kwa yanayotendeka. Daktari huanza na picha ya eksirei ili aone mizizi imekaaje na mfupa umeliwa kiasi gani. Kisha ganzi. Gego la chini lenye kiini kilichovimba sana wakati mwingine hubishana na ganzi, na sindano ya pili au ya tatu ikahitajika. Ukisikia maumivu, inua mkono, usijikaze. Jino huzungushiwa kitambaa chembamba cha mpira ili mate yasiingie na vifaa visidondoke kooni. Mbinu hiyo ilianzishwa mwaka 1864 na daktari wa New York aitwaye Sanford Barnum.

Daktari hutoboa tundu dogo juu ya jino, akaingia kwenye kiini, na kwa vijifaili vyembamba kama sindano huondoa nyama iliyooza na kukwangua njia za ndani hadi karibu na ncha. Jino la mbele kwa kawaida lina njia moja. Gego la chini mara nyingi lina tatu, la juu tatu au nne. Ndiyo maana gego huchukua muda mrefu na hugharimu zaidi, na ndiyo maana baadhi ya vituo hutibu mizizi ya meno ya mbele tu. Njia zikishapanuliwa huoshwa kwa dawa ya kuua bakteria, mara kadhaa, kwa sababu kuna vichochoro ambavyo faili haifiki. Zikisafika hukaushwa na kujazwa gutapacha, utomvu mgumu wa mti wa Asia ya Kusini-Mashariki unaolainika kwa joto. Wengine humaliza kwa siku moja. Jino lenye usaha mara nyingi huwekewa dawa ndani, likazibwa kwa muda, na mgonjwa akarudi baada ya wiki moja au zaidi.

Siku mbili tatu baadaye utasikia jino likilalamika ukiling'atia. Hiyo ni kawaida na dawa ya maumivu hutosha. Uvimbe unaokua si kawaida, rudi.

Kwetu huku Geita na Shinyanga kuna mambo mawili yanayochanganya uchunguzi. La kwanza ni zebaki. Anayechoma zebaki kwenye kikaango kutenga dhahabu huvuta mvuke wake, na mvuke huo ukizidi mwilini huvimbisha fizi, hujaza mate mdomoni na kulegeza meno, hata yasiyo na tundu. Mtu huyo anaweza kudhani anahitaji kutibiwa mizizi mitano kumbe tatizo liko kwenye kikaango. Mwambie daktari kazi yako bila kuficha. Pili, meno ya kahawia. Visima vya baadhi ya maeneo ya Shinyanga vina floraidi nyingi kuliko kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na waliokulia kwenye maji hayo wana madoa ambayo mswaki hauyatoi. Madoa hayo si uozo. Jino la kahawia linaweza kuwa na kiini kizima kabisa, na asikung'olee mtu kwa rangi tu.

Kung'oa nako si dhambi. Jino lililovunjika hadi chini ya ufizi, mzizi uliopasuka, au gego la mwisho lisilokutana na mwenzake, mimi ningeling'oa bila majuto. Vivyo hivyo kwa mtu anayejua wazi kwamba hatarudi kumalizia, maana jino lililofunguliwa nusu na kuachwa ni baya kuliko lisiloguswa. Lakini gego unalotafunia, lenye kuta zilizosimama, linastahili safari.

Safari hiyo ianze kwa simu. Hospitali za rufaa za mikoa ya Shinyanga na Geita, ya kanda kule Chato na Bugando jijini Mwanza ndizo za kuulizia, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limeondoa kusubiri kivuko kwa anayetoka Geita. Usiulize tu kama wana daktari wa meno. Uliza kama wanatibu mzizi wa gego, kama mashine ya eksirei inafanya kazi wiki hiyo, na bei yote kwa jumla: picha, mzizi, na kofia ya kulifunika jino, kwa kuwa kofia mara nyingi hutajiwa bei yake peke yake. Mwenye kadi ya bima aulize vilevile kipi kinalipiwa. Gego lililotibiwa mzizi bila kofia hupasuka kirahisi, hivyo fedha ya kofia ihesabiwe tangu mwanzo.

Mjamzito, mwenye kisukari na mwenye ugonjwa wa moyo waseme hali zao kabla ya sindano. Anayefanya kazi kwa zamu mgodini amwambie daktari tarehe zake ili ahadi ya pili isiangukie akiwa chini ya ardhi. Kati ya ahadi mbili, michembe mikavu ya viazi na miwa vitafunwe upande wa pili. Kizibo cha muda kikidondoka ukiwa machimboni, usijaze bazoka wala pamba yenye spiriti. Sukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula na urudi wiki hiyohiyo, kabla mate hayajaingia kwenye mzizi na kazi yote kulazimika kuanza upya.