Daftari la Mahudhurio: Upelelezi, Usalama na Amana ya Majina



Muhula uliopita, wiki moja baada ya kambi yetu ya mafunzo, nilipigiwa simu na mtu aliyesema anatoka usalama. Alizungumza kwa adabu. Alitaka orodha ya waliohudhuria kambi: majina, vitivo na namba za simu. Daftari la mahudhurio nilikuwa nalo mimi. Sikumuuliza jina lake, wala ofisi yake, wala sababu. Nilizipiga picha kurasa mbili, nikamtumia, nikaenda kipindini. Nilijiambia kuwa sisi hatuna cha kuficha, na nani asiyetaka usalama?

Ndugu zangu, usalama tunautaka kweli. Hapa Kampala, tarehe 11 Julai 2010, watu zaidi ya 70 waliuawa kwa mabomu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala. Al-Shabaab walijitangaza kuwa ndio waliofanya. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria yetu, na serikali isiyowatafuta wauaji wa namna hiyo imewatupa raia wake. Suali lililonisumbua ni jingine: je, kumtafuta mhalifu ni sawa na kuwaandika wote wanaosali?

Katika Sira tunasoma kuwa kabla ya Makka kufunguliwa, Hatib bin Abi Balta'a (r.a.) aliwaandikia Makureshi barua ya siri kuwajulisha safari ya Mtume (s.a.w.). Barua ilibebwa na mwanamke. Mtume (s.a.w.) aliwatuma Ali, Zubeir na Miqdad (r.a.) wamfuate mpaka mahali alipopataja, Rawdhat Khakh. Walimkuta hapo, wakamtaka aitoe barua. Alikana, wakamshikilia, mwishowe akaitoa katika nywele zake. Hatib aliitwa na kuulizwa kwa nini amefanya hivyo. Alieleza kuwa ana jamaa Makka wasio na wa kuwalinda. Umar (r.a.) alitaka auawe, lakini Mtume (s.a.w.) aliupokea udhuru wake, akakumbusha kuwa mtu huyu alipigana Badri.

Basi upo upelelezi unaokubalika. Lakini tazama ulivyofanywa: alitafutwa mtu mmoja, kwa barua moja, mahali pamoja, kisha mtuhumiwa akapewa nafasi ya kusema. Kuna ndugu alinipinga kwenye darsa, akasema Mtume (s.a.w.) alijua kwa wahyi, na sisi hatuna wahyi. Ni kweli, na mimi naona hiyo ndiyo hoja yenyewe. Asiyepata wahyi anahitaji tahadhari zaidi, si kidogo, na ndiyo maana sheria za nchi zikaweka jaji kati ya askari na simu ya raia. Na ukiisoma aya ya 12 ya Suratul Hujurat utaona dhana imekatazwa kwanza, ndipo likaja katazo la kupelelezana. Ukishamdhania mtu vibaya, utaanza kumchungulia.

Wenzetu wa New York waliyaona haya. Baada ya Septemba 2001, polisi wa jiji hilo waliunda kitengo cha kuchunguza mitaa, misikiti na migahawa ya Waislamu. Vyama vya wanafunzi kama hiki chetu navyo vilichunguzwa na polisi hao. Aprili 2008 askari aliyejificha alifuatana na wanafunzi wa City College katika safari ya kupanda mashua mtoni, na katika ripoti yake akaandika majina ya baadhi yao na idadi ya sala walizosali kwa siku. Habari hizi zilifichuliwa na waandishi wa Associated Press kuanzia 2011. Mwaka 2012 mkuu wa intelijensia wa polisi hao, Thomas Galati, alikiri chini ya kiapo kuwa katika miaka yake yote sita kazini, taarifa za kitengo hicho hazikuwahi kuanzisha uchunguzi wowote wa ugaidi. Kilifungwa 2014. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Philadelphia iliifufua kesi ya Waislamu wa New Jersey, na majaji wakakumbusha walivyotendewa Wamarekani wenye asili ya Japani wakati wa Vita vya Pili.

Tukirudi kwetu, ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Hata sheria ya kunasa mawasiliano, iliyopitishwa mwaka uleule wa mabomu, inadai hati ya jaji. Mimi sikudai hata jina la mpigaji.

Shura yetu imeamua hivi. Atakayesikia mwenzake akipanga kumwaga damu, aende polisi siku hiyohiyo, bila kusubiri kuulizwa. Kunyamaza hapo ni khiyana. Atakayeombwa majina ya watu kwa sababu tu walihudhuria darsa, amuulize mwombaji kwa adabu jina, ofisi na barua, kisha aje na mwenzake kwa mlezi wa chama kabla ya kutoa chochote. Daftari la namba za simu tumeliacha. Tunahesabu vichwa tu.

Kuna ndugu mmoja aliyekuwa haachi kuuliza maswali kwenye darsa. Baada ya kambi alianza kupigiwa simu, akaacha kuja. Nilimfuata chumbani kwake nikamwambia kuwa jina lake nililitoa mimi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama niliandika na namba ya nyumbani kwao. Niliandika, kwa sababu fomu ya kambi ilikuwa na nafasi ya mzazi.

Alhamisi baada ya Isha tutaendelea na aya hiyohiyo, sehemu ya kusengenya. Nimemwomba aje.