Injini ya Kukodisha: Je, Humwokoa Mwenyewe?

Muhula uliopita, katika kikao chetu cha Ijumaa, mwanachama mmoja wa Kidato cha Pili aliuliza swali lililotufanya tukune vichwa. Alikuwa amesoma mahali kwamba kampuni moja ya kutengeneza michezo ya kompyuta ilikaribia kufilisika, ikajaribu kujiokoa kwa "kutoa leseni ya injini yake." Akauliza, "Sasa hiyo injini ni ya gari ama ni ya nini? Na ukishampa mtu injini yako, wewe utaendesha nini?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mlezi hakucheka. Alisema swali hilo lijibiwe katika jarida, na mzigo nikatwikwa mimi.

Tuanze na maneno. Kuuza tunakujua: kitu kinaondoka, pesa zinabaki. Kukodisha ni kumpa mtu kitu akitumie kwa muda, huku wewe ukibaki mwenyewe. Leseni nayo wengi wetu huiwazia ya dereva au ya bucha, lakini maana yake ni ruhusa tu. Mwenye mali anakuruhusu kuitumia kwa masharti, nawe unamlipa. Mali si yako, ruhusa ndiyo yako.

Upande wa Kiminini tuna jirani, mama mmoja mwenye mashine ya kusaga mahindi. Mwaka mmoja biashara ilimlemea, dizeli imepanda na watoto wawili wako sekondari. Akamkodishia kijana mmoja ile mashine kwa kodi ya kila mwezi, karo ikalipwa. Lakini kijana aliisagisha usiku na mchana, akasaga hata vitu ambavyo sitavitaja hapa. Mkataba ulipokwisha mama alirudishiwa mashine inayokohoa moshi, na wateja wake wa zamani walikuwa wameshazoea kumfuata yule kijana, ambaye sasa alikuwa amenunua mashine yake mwenyewe ng'ambo ya barabara.

Wekeni hadithi hiyo kiporo, tutairudia.

Injini ya mchezo wa kompyuta haina chuma wala moshi. Ni programu, na kazi yake ni ile isiyoonekana: kuchora mti na kivuli chake, kujua kwamba mpira ukitupwa juu lazima uanguke, kutoa sauti mlango ukifungwa, kumzuia mchezaji asipenye ukuta. Hadithi, wahusika na ramani hupandishwa juu yake baadaye. Kuitengeneza kunaweza kula miaka, lakini ikishakamilika yaweza kubeba michezo mingi. Tena hailiki kama mashine ya mama wa Kiminini. Unaweza kuwapa studio kumi siku moja, na yako ikabaki nzima.

Kwa sababu hiyo wengine wametajirika. Kampuni ya id Software ya Texas, Marekani, ilitoa mchezo wa Doom mwaka 1993, na mwaka uliofuata wenzao wa Raven Software wakatoa Heretic kwa injini iyo hiyo. Half-Life ya kampuni ya Valve, mwaka 1998, ilijengwa juu ya injini ya Quake, mchezo mwingine wa id.

Sasa sisi wa Kitale jambo hili tunalijua bila kompyuta, ila hatujalipa jina. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapa hapa mwaka 1956. Mwaka 1964 mbegu chotara ya H611 ikatolewa. Wazazi wake walikuwa wawili: Kitale Synthetic II, iliyozalishwa katika kituo chetu cha utafiti, na Ecuador 573, iliyotoka Amerika ya Kusini. Mkulima ananunua mfuko, anapanda, anavuna vizuri. Akijaribu kupanda tena mahindi aliyovuna, msimu wa pili mazao yanapungua. Basi kinachouzwa dukani ni mtoto. Wazazi wanabaki kwa mwenye mbegu. Mchezo wa kompyuta ni ule mfuko wa dukani. Injini ni wale wazazi. Kutoa leseni ya injini ni kumruhusu mtu azalishe kwa wazazi wako, na akishaweza, yafaa kujiuliza atauza mifuko yake wapi.

Hilo ndilo lililoipata Crytek ya Ujerumani, ambayo naona ndiyo mfano unaokaribia zaidi swali la mwenzetu. Ilianzishwa mwaka 1999 mjini Coburg na ndugu watatu wa ukoo wa Kituruki, Cevat, Avni na Faruk Yerli. Injini yao iliitwa CryEngine. Mchezo wao wa kwanza mkubwa, Far Cry, ulitoka mwaka 2004 na kuwashangaza watu kwa uzuri wa picha zake. Miaka miwili baadaye haki za jina Far Cry zilikuwa mikononi mwa Ubisoft ya Ufaransa, pamoja na ruhusa ya kudumu ya kutumia injini ile ya kwanza. Ubisoft wakaifanyia kazi, wakaipa jina lao, Dunia, na mwaka 2008 wakatoa Far Cry 2, inayosimuliwa katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina. Watengenezaji wake walikuja mpaka hapa kwetu Kenya kutazama mandhari! Crytek walikuwa wameshaachwa nyuma na mtoto wao.

Mwaka 2014 mambo yakawa magumu kweli. Crytek walikuwa wamefungua studio katika nchi nyingi na mishahara ikaanza kuchelewa. Katika studio yao ya Uingereza wafanyakazi waliacha kwenda kazini. Mwaka huo huo waliuza haki za mchezo wa Homefront, wakaanza pia kukodisha CryEngine kwa yeyote kwa dola 9.90 kwa mwezi. Pesa hizo zilikuwa za chumvi tu. Aliyewaokoa ni Amazon, aliyenunua leseni ambayo taarifa za wakati huo ziliitaja kuwa ya kati ya dola milioni 50 na 70. Mishahara ikalipwa.

Februari 2016 Amazon akatoa injini yake, Lumberyard, iliyojengwa juu ya CryEngine, na akaigawa bure. Yeye hakuhitaji faida ya injini. Alitaka watu watumie kompyuta zake za kukodi. Hebu jiweke mahali pa Crytek. Unauza maandazi, na ng'ambo ya barabara kuna tajiri anayegawa maandazi yako bila malipo ili watu wanunue chai yake.

Desemba 2016 mishahara ilikuwa imechelewa tena, na Crytek wakatangaza kubaki na studio mbili tu, Frankfurt na Kiev. Mwezi huo huo watengenezaji wa Star Citizen, mmoja wa michezo mikubwa iliyotumia CryEngine, walitangaza kwamba wamehamia Lumberyard. Crytek waliwashtaki mwaka 2017, na kesi ikaisha kwa mapatano mwaka 2020.

Kwa hiyo, mwenzangu wa Kidato cha Pili, jibu ni hili: leseni iliwanunulia Crytek muda wa kama miaka miwili. Kilichowasimamisha baadaye ni mchezo mpya, Hunt: Showdown, ulioanza kuuzwa mwaka 2018. Mfuko wa mbegu, si wazazi. Na hata hivyo Februari 2025 walitangaza kupunguza wafanyakazi 60 hivi kati ya 400.

Mimi silaumu uamuzi wao. Mtu ambaye hajalipa mishahara hana nafasi ya kuchagua mpangaji. Kosa naona lilikuwa kungoja hadi njaa iingie ndani ndipo wakae mezani na tajiri.

Narudi nyumbani. Ukitoka Webuye kwenda Bungoma unafika Bukembe, penye kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978. Mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa West Kenya Sugar kwa miaka 30, pamoja na viwanda vingine vitatu vya umma vilivyokodishwa kwa wawekezaji wengine. Kilikuwa na madeni mazito, ya wakulima na ya wafanyakazi. Hapa injini ni ya chuma, inalika. Mwanafunzi wa sekondari wa leo atakuwa na miaka kama arobaini na mitano mkataba ukiisha. Je, atarudishiwa mashine ya aina gani, na wakulima watakuwa wamezoea kupeleka miwa wapi?

Mama wa Kiminini, nimesikia, amekodisha tena mwaka huu. Safari hii mkataba una kurasa mbili, na umeandika saa za kusaga, nani ananunua vipuri, na kwamba mpangaji asifungue mashine yake katika soko lile kwa miaka mitatu. Sharti la mwisho kijana alilikataa kwanza, wakabishana wiki nzima.

Mjadala wa Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao utakuwa: "Kukodisha kiwanda ni afadhali kuliko kukifunga." Wanaotaka kuzungumza, upande wowote, waandikishe majina kwa katibu kabla ya likizo.