Stika ya "Katoroka Mirembe"



Somo la leo lisomwe pamoja na Marko 3:20-35. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Hapa kwetu Kizota, grupu la WhatsApp la kwaya halilali. Mwaka jana nilitengeneza stika ya mwenzetu mmoja, kijana wa besi. Nilimpiga picha amepanda juu ya benchi katikati ya mazoezi, mdomo wazi, nikaandika chini yake: "Katoroka Mirembe". Kiukweli ilichekesha. Kijana huyu hakai akatulia. Anapoteza nota kila wiki, anaanza kuimba kabla mwalimu hajainua mkono, ukimtuma mambo matatu analeta moja. Basi kila akichelewa, stika inatumwa. Yeye mwenyewe alicheka, akawa anaituma. Baada ya miezi kama miwili akaacha kuja mazoezini.

Mama yake alinisimamisha nje baada ya Misa. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akasema bila hasira: "Mwanangu, daktari katuambia tumpeleke Mirembe wamwangalie, huenda ana hiyo ADHD. Amegoma. Anasema akionekana pale getini, stika itakuwa kweli."

Nilikosa la kujibu.

Kwa msomaji wa mbali: Mirembe ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, iko hapahapa Dodoma tangu mwaka 1927. Nchi nzima inaijua kwa utani. Mtu akisema jambo la ajabu mtandaoni, huku chini utakuta "faili lake lipo Milembe" (wengi huandika hivyo, kwa L). Hospitali ina kliniki ya wagonjwa wa nje, mtu anaonwa na daktari na kurudi kwao, lakini kwenye vichekesho Mirembe ina geti tu, na watu wanaotoroka. Sisi tunaokaa mji mmoja nayo ndio tungepaswa kujua zaidi, na ndio tunaosambaza.

ADHD nayo imepata utani wake, ila unakwenda upande mwingine. Huko TikTok, ukisahau chaja, "ni ADHD yangu". Ukiishiwa hamu ya kusoma, ADHD. Mwaka 2022 watafiti wa Canada walichapisha uchambuzi wa video 100 za TikTok zilizopendwa sana kuhusu hali hiyo, wakakuta 52 zinapotosha. Wengi wetu tumejifunza neno lenyewe kutoka kwenye video za aina hiyo.

Sasa ADHD ni nini? Ni hali ya namna ubongo ulivyokua, mara nyingi hurithiwa kwenye ukoo. Wapo ambao umakini wao hautulii, wapo wanaokurupuka na kushindwa kukaa, wapo wenye yote mawili. Madaktari wanataka kuona dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi sita au zaidi, zinaonekana sehemu zaidi ya moja, tuseme nyumbani na shuleni, na zinaharibu maisha ya mtu kwelikweli. Hakuna kipimo cha damu. Daktari anakaa na mzazi, anauliza historia. Wasichana wengi hawagunduliwi, kwa sababu msichana anayeota ndoto za mchana darasani hamsumbui mwalimu. Anaitwa mzito, basi.

Ona utani unavyombana mtu huyu. Mmoja unamwambia ukienda hospitali wewe ni kichaa. Mwingine unamwambia huna lolote, hata sisi tunasahau chaja. Akiomba msaada anachekwa, na asipoomba anaitwa mvivu.

Mtu ataniambia, jamani, sisi ni watu wa utani. Ni kweli. Sisi wa Dodoma tumetaniwa kuhusu kuombaomba mpaka tumezoea. Lakini utani wa mababu una masharti. Mtani wako unamjua, naye ana haki ya kukurudishia, na siku ya msiba wako yupo, anafanya vituko huku anashika jembe kaburini. Mwenye kuisambaza stika yangu kutoka mkoa mwingine hatamzika mtu.

Tumrudie Marko. Yesu yuko nyumbani, umati umesongamana hadi hawapati nafasi ya kula. Ndugu zake wakasikia, wakaja kumkamata, kwa kuwa ilisemwa amerukwa na akili. Kwa hiyo Bwana wetu naye alisemwa hivyo, tena wakaja watu wa nyumbani kwake kumchukua. Kila nikiwaza ile picha ya benchi, mstari huo wa 21 unanichoma. Na Mtakatifu Yohane wa Mungu, tunayemkumbuka tarehe 8 Machi: alifungiwa hospitali huko Granada kama kichaa na kuchapwa viboko. Alipotoka, akaanza kuhudumia wagonjwa mwenyewe.

Katekisimu namba 2477 inazungumzia hukumu ya haraka: kuamini bila msingi wa kutosha kwamba mwenzako ana kosa la kimaadili. Nilikuwa nadhani hiyo ni kuhusu kumsingizia mtu wizi au uzinzi. Lakini "mvivu", "hajali", "hana adabu" ni makosa ya kimaadili, na mimi nilimpa yote matatu kijana ambaye nota zilikuwa zinamponyoka kweli.

Kwenye jumuiya zenu au VIWAWA, fungueni simu zenu wenyewe, si za jirani, mtazame stika mlizohifadhi. Nani yupo pale, na mlimwuliza?

Mimi nilikwenda kwao kumwomba msamaha. Alinisikiliza huku anafungua na kufunga kalamu. Akaniambia kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amekaa wiki nzima akifanya mazoezi ya kuwahi, na siku aliyowahi hakuna aliyeona. Stika nimeifuta, ila aliyeihifadhi bado anayo, nimeshaikuta kwenye grupu la watu nisiowajua.

Siku ya kliniki tulikwenda watatu, yeye, mama yake na mimi. Pale getini alivuta kofia chini. Ndani kulikuwa na benchi, wamama na watoto, na mwanafunzi anasoma daftari lake. Hakuna aliyetutazama mara mbili.