Dawa ya mimea: namna sumu inaingia mu nyumba



Mu Swahili yetu tunaita vyote «dawa»: ile muganga anapatia mutoto wa malaria, na ile tunapuliza juu ya viazi. Jina moja linafanya watu wasiogope. Ku soko, muuzaji anafungua paketi ya mankozebu, anapima na kijiko, anafunga mu sasheti. Sipermetrini anaitia mu chupa ya Fanta. Etiketi inabaki kwake, chupa inaenda nyumbani, inawekwa chini ya kitanda, pahali mutoto wa miaka 3 anafika kwa urahisi. Kwa maoni yetu hatari kubwa ya jamaa inaanzia pale, mbele hata ya mutu kubeba pompi.

Tunajua sababu: paketi nzima ni bei kali kwa mwenye kipande kidogo cha shamba. Juu ya ile, koperative inunue paketi zenye kufungwa, iziweke mu sanduku moja lenye kufuli, na kila memba apimiwe dozi yake siku ya kupuliza, pale pale shambani. Yenye kubaki irudi mu sanduku. Dawa isilale mu nyumba ya mutu.

Chini ya etiketi mara nyingi kuko mustari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali sana. Hiyo koperative isinunue kabisa. Manjano inafuata: njo pale mara nyingi utakuta profenofosi na sipermetrini, zile wengi wanatumia juu ya wadudu wa nyanya na mashu. Kiisha bluu, na kijani. Lakini rangi inaongea tu juu ya sumu ya siku ile. Haiongei juu ya kupuliza miaka 10. Mankozebu, dawa yetu ya mildiu ya viazi, haiangushi mutu siku ile ile. Walakini mu mwezi wa 12 wa 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiruhusu tena, juu inaweza kuzuru mutoto angali tumboni na kuvuruga homoni za mwili. Huku kwetu ingali inatumika, na mildiu haingoji. Basi, mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha asichanganye, asipulize, na asifue nguo za mupulizaji. Ile ya nguo, ba baba, inawahusu ninyi.

Watu wengi wanafunga kinywa na kitambaa, wanasema wamejikinga. Maski ya karatasi haizuii mvuke wa dawa, na tena njia kubwa ya sumu shambani ni ngozi. Pompi yenye kuvuja inalowesha mugongo, maji yanateremuka mpaka mu nguo ya ndani, na ngozi ya sehemu za siri inapitisha sumu haraka kupita ngozi ya mukono. Kwa hiyo, tengeneza pompi kwanza, ijaribu na maji matupu. Vaa plastiki mugongoni, bote, na suruali ikae juu ya bote, isiingizwe ndani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mu beseni yake, mbali na chemchemi. Beseni ya sombe hapana.

Bidoni tupu isuuzwe mara 3, yale maji yarudi mu pompi, kiisha itobolewe. Wengine wanasema: «Niliosha na sabuni na muchanga.» Plastiki yenyewe inakunywa sumu, sabuni haiifikie. Usitie maji ndani, wala mafuta, wala kasiksi.

Tena siku za kungoja mbele ya kuvuna: kama etiketi inasema 7, nyanya za siku ya 3 zisiende sokoni, wala ku chungu chako.

Sasa dalili. Kichwa kuuma, kutapika na jasho vinafanana na malaria, na watu wanapoteza siku nzima na vidonge. Kama mutu alipuliza leo, angalia zaidi: mate mengi, mboni ya jicho kuwa ndogo sana, nyama za mwili kutetemeka, kupumua kwa shida. Hiyo inaonyesha sumu ya aina ya profenofosi. Muvue nguo zote, muoshe na maji mengi na sabuni, na wewe vaa gla ao plastiki mikononi. Dawa ikiingia mu jicho, suuza dakika 15. Usimutapishe. Usimupe maziwa wala mawese: haviondoi sumu, na mutu mwenye kuzimia anaweza kukabwa. Mupeleke mbio, pamoja na etiketi.

Kuko dawa ya sumu ile, inaitwa atropini. Mbele ya musimu wa kupuliza, komite ya koperative ipite ku kituo cha afya, iulize kama iko pale, na kama haiko, ni hospitali gani ya karibu iko nayo.