Wakulima wa Punjab na Ardhi Yao

Ndugu mmoja anayechunguza dini, ambaye ni mkulima wa tumbaku katika wilaya ya Chunya, alituuliza swali ambalo mwanzoni lilitufanya tutabasamu, lakini baadaye tuliona kuwa ni swali zito. Alisema kwamba amesikia masheikh wetu wa zamani walitoka Punjab, na Wahindi waliofahamika Chunya tangu zama za dhahabu ya Lupa walikuwa wenye maduka. Basi, alitaka kujua, mtu aliyezaliwa nyuma ya mizani ya duka atamfundisha nini mtu wa jembe?

Inafaa ifahamike kwanza kwamba Punjab ni nchi ya wakulima. Jina lenyewe ni la Kifarsi: panj maana yake tano, na ab maana yake maji. Ni nchi ya mito mitano, yaani Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej, na leo imegawanyika baina ya Pakistan na India. Mvua zake ni chache katika sehemu nyingi, na kwa hiyo tangu zamani mkulima wa huko hakutazama mawingu tu, bali alitazama kisima. Juu ya kisima kulifungwa gurudumu lenye vyungu vingi, na maksai wakizunguka mchana kutwa huku wamefungwa macho, vyungu vilipanda na maji na kuyamwaga katika mfereji wa shamba.

Misimu yao ni miwili. Ngano na dengu hupandwa baridi inapokaribia, mwezi wa Oktoba na Novemba, na ngano huvunwa Aprili. Uwele, pamba na mpunga ni vya msimu wa mvua unaoanza baada ya joto kali la Juni. Miwa hukaa shambani karibu mwaka mzima, na maji yake hupikwa katika karai kubwa mpaka yagande. Kitu hicho wao hukiita gur, nasi twakiita sukari guru. Kumbe neno la mkulima wa India tunalo vinywani mwetu, na huku bado tunadhani alituletea mizani tu!

Kijiji chenyewe hakikuwa kama vijiji vyetu vya zamani, ambamo kila mtu alikaa kando ya shamba lake. Nyumba za udongo zilisongamana pamoja katikati, na mashamba yalizunguka pande zote. Kando kulikuwa na bwawa la kunyweshea nyati wa kufugwa, ambao maziwa yao yalitoa samli. Mara nyingi Waislamu, Masingasinga na Mabaniani walikaa kijiji kimoja. Mhunzi, seremala, mfinyanzi na kinyozi hawakulipwa fedha kila kazi; walipewa fungu lao la nafaka wakati wa mavuno, nao walitengeneza plau na vyungu mwaka mzima. Mavuno yakiharibika, wote walilala njaa pamoja.

Waingereza waliitwaa Punjab mwaka 1849, baada ya kuushinda ufalme wa Masingasinga. Tangu hapo kodi ya ardhi ilidaiwa kwa fedha taslimu na kwa tarehe maalumu. Nafaka ilikuwa bado shambani, lakini tarehe haikungoja. Mkulima alikwenda kwa mkopeshaji, akatia dole gumba katika daftari asiloweza kulisoma, na riba ikazaa riba. Ardhi, ambayo sasa ilikuwa ikiuzika kwa urahisi, ilianza kutoka mikononi mwa wenye kulima. Serikali ilistuka, ikatunga sheria ya mwaka 1900 iliyokataza makabila ya wakulima kuuzia ardhi yao wasio wakulima. Je, riba iliisha? La. Wakulima matajiri wenyewe waligeuka wakopeshaji, wakachukua mashamba ya jirani zao. Riba ilibadili kilemba tu. Wakulima wetu wanaochukua mbolea kwa deni na kungoja soko la tumbaku hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Hata Seyidna Ahmad a.s., aliyezaliwa Qadian katika wilaya ya Gurdaspur mwaka 1835, alikulia katika nyumba yenye huzuni ya ardhi. Jamaa zake walikuwa wamepoteza karibu vijiji vyao vyote zama za utawala wa Masingasinga, na baba yake alitumia miaka mingi na mali nyingi mahakamani akijaribu kuvirudisha. Alimtuma mwanawe pia katika kesi hizo. Kijana huyo alikwenda kwa sababu ya utii tu. Moyo wake haukuwa huko.

Lakini kuna jambo ambalo haitupasi kulificha kwa sababu waliolitenda ni Waislamu. Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, imeamuru waziwazi kwamba wanawake nao wana fungu katika urithi. Hata hivyo katika vijiji vya Punjab wakulima wengi Waislamu walifuata desturi ya ukoo, wala si Kurani: ardhi iligawanywa kwa wana wa kiume, na binti aliondoka na mahari na vyombo. Walisema kwamba shamba likimfuata binti litaingia katika ukoo wa mumewe. Mahakama za Kiingereza ziliipa desturi hiyo nguvu ya sheria. Hata sheria ya mwaka 1937, iliyowarudisha Waislamu wa India kwenye Sharia katika mambo ya urithi, iliacha nje mashamba. Punjab ya Magharibi ilitengeneza jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1948, baada ya Pakistan kupatikana. Watu waliosali mara tano kwa siku walingoja muda wote huo kumpa binti haki aliyoandikiwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu nyuma!

Mashamba yakigawanywa kizazi baada ya kizazi huwa vipande, na deni hula vipande. Ndiyo maana mwaka 1896, reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa, vijana walipatikana kwa wingi. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Wapatao 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 walibaki baada ya mikataba yao kwisha. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo Waahmadiyya wa kwanza wa Afrika Mashariki.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Waliobaki walipotaka kulima, walikuta mlango mmoja umefungwa. Nyanda za juu za Kenya, zenye baridi na udongo mzuri, ziliwekwa kwa ajili ya Wazungu, na mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, alilithibitisha jambo hilo kwa barua. Wahindi waliachiwa nchi ya joto na mbu. Hapo ndipo familia za Kipunjabi zilipowekwa Kibos, karibu na Kisumu kando ya reli, katika uwanda wa Kano. Walilima pamba, mpunga na miwa, wakapika sukari guru kama nyumbani. Mwaka 1922 kiwanda cha sukari kilijengwa jirani, mahali paitwapo Miwani, na jina hilo linajieleza lenyewe. Tuseme kweli pia kwamba uwanda huo ulikuwa nchi ya Wajaluo, na serikali ya kikoloni ndiyo iliyokuwa ikigawa kisichokuwa chake.

Basi ndugu yetu aliwaona Wahindi madukani, na macho yake hayakumdanganya. Wengi wa wenye maduka walitoka Gujarat na Kutch, ambako biashara ni kazi ya mababu. Na Mpunjabi aliyenyimwa shamba alishika nyundo, kalamu ya ofisi au duka.

Mwaka 1947 Punjab ilikatwa vipande viwili. Mamilioni ya watu waliyahama mashamba yao, Waislamu wakielekea magharibi, Mabaniani na Masingasinga mashariki, na wengi sana waliuawa njiani. Qadian ilibaki upande wa India. Wapunjabi wengi wa Nairobi na Kisumu waliokuwa wakiweka akiba ili warudi kununua shamba la baba waliambiwa kwamba kijiji sasa kiko katika nchi nyingine, na mwenye plau humo ni mtu wasiyemjua.

Ndugu yetu aliposikia habari hizi hakuuliza tena juu ya maduka. Alitaka kujua habari ya binti. Tulimweleza kwamba hapa Tanzania Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Kisha akauliza, akifa mtu na kuacha mwana mmoja na binti mmoja, Kurani inagawaje? Tulimfungulia Sura An-Nisaa. Baada ya kulipa madeni na wasia, na kutoa mafungu ya warithi wengine kama wapo, kinachobaki hufanywa sehemu tatu: mbili za mwana, na moja ya binti. Aliinama akachora mistari mitatu mchangani kwa kijiti, akaitazama kwa muda mrefu.