Uke Hauoshwi Ndani: Njia za Kuzuia Mimba Zinazowekwa Ukeni na Zinazobandikwa Mwilini
Kijitabu cha Kaya, Kata ya Busi, Wilaya ya Kondoa

Kujiosha si kinga

Mwanamke anayejiosha ndani ya uke baada ya tendo la ndoa, awe ametumia maji matupu, sabuni ya unga, chumvi, maji ya ndimu, shabu au soda, hajazuia mimba, kwa sababu mbegu za mwanamume huingia katika mji wa mimba ndani ya dakika chache, kabla hata maji hayajatekwa ndooni. Ugoro na dawa za mizizi zinazoingizwa ukeni, ama kwa nia ya kuzuia mimba ama kwa nia ya kuubana uke, huunguza na kuchubua ngozi laini ya ndani, na palipochubuka ndipo virusi vya UKIMWI (VVU) na maambukizi mengine hupenya kwa urahisi. Uke hujisafisha wenyewe, na kinachohitaji kuoshwa ni sehemu ya nje tu, kwa maji safi. Uke hauoshwi ndani.

Kondomu ya kike

Huu ni mfuko laini wenye pete mbili, moja ikikaa ndani ya uke na nyingine ikibaki nje, na ndiyo njia pekee kati ya zote zilizomo humu inayozuia mimba na magonjwa ya zinaa kwa pamoja. Inaweza kuvaliwa hadi saa 8 kabla ya tendo, hutumika mara moja tu, haifuliwi wala haivaliwi sambamba na kondomu ya kiume, kwani zikisuguana huweza kuchanika au kuteleza.

Dawa za kuua mbegu

Dawa hizi huja kama povu, jeli au vidonge vinavyoyeyukia ukeni, na nyingi zina kemikali iitwayo nonoksinoli-9. Zikitumika peke yake ni dhaifu: kati ya wanawake 100 wanaozitumia kwa mwaka mmoja, takriban 21 hupata mimba. Utafiti uliofanyika Benin, Côte d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa matumizi ya mara kwa mara ya kemikali hiyo huongeza hatari ya kuambukizwa VVU, hivyo haimfai mwanamke ambaye yeye au mwenzi wake yumo katika hatari hiyo. Anayezitumia kisha akajiosha ndani kabla ya saa 6 kupita baada ya tendo huwa ameiondoa dawa yenyewe. Uke hauoshwi ndani.

Kiwambo

Kikombe hiki laini cha kufunika mlango wa mji wa mimba hutumika pamoja na dawa ya kuua mbegu, nacho hubaki ukeni kwa angalau saa 6 baada ya tendo, lakini kisizidi saa 24.

Pete ya ukeni na kibandiko

Zote mbili hutoa homoni, yaani dawa inayofanana na ile ya vidonge vya majira. Pete hukaa ukeni wiki 3 na kuondolewa wiki 1. Kibandiko hubandikwa tumboni, mgongoni, begani au matakoni, kamwe si kwenye titi, na hubadilishwa kila wiki kwa wiki 3, kisha wiki ya nne hupita bila kibandiko. Hazimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu miguuni au mapafuni, mvuta sigara aliyefikisha miaka 35, wala anayenyonyesha mtoto ambaye hajafikisha miezi 6. Si njia za kawaida katika zahanati za vijijini, na anayeuziwa mnadani asizinunue.

Pete ya dapivirini, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, hupunguza hatari ya VVU tu, haizuii mimba.

Aliyekwisha kujiosha

Mwanamke aliyefanya tendo bila kinga, kisha akajiosha ndani akidhani amesalimika, bado yumo katika hatari ya mimba, na maji aliyotumia hayakumpunguzia chochote. Vidonge vya dharura hufanya kazi ndani ya siku 5, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya umma, vinavyotambulika kwa alama ya Nyota ya Kijani, hutolewa bila malipo. Aende siku hiyohiyo, na akiwa na maumivu ya tumbo la chini, homa au uchafu wenye harufu, amweleze mhudumu bila kuficha alichoingiza ukeni, kwa kuwa mhudumu huhitaji kujua ili atibu.